Maini ya Bwana Mifugo

Nadhira binti Masoud alikuwa akitafuta karatasi moja tu. Udaktari wa mifugo aliusomea ng'ambo, na ili akubaliwe kufanya mtihani wa leseni ilimpasa apeleke barua ya mwenendo mwema kutoka kwa mkubwa wake wa kazi. Mkubwa huyo ni bwana mifugo Twalha, wa kata moja kupita Kiwangwa. Mwisho wa kupokea barua ni Ijumaa, na leo Alhamisi.

Alimkuta mbele ya sahani ya maini ya kukaanga, mafuta yanamtiririka mpaka kiwikoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Barua yako hii, imebaki sahihi." Akaigusa kwa kidole, pakabaki doa la mafuta. "Msabaha wa buchani kachinja. Ini kaniletea, nimeliona, safi. Chukua mhuri ukamgongee nyama, ukirudi natia sahihi."

Ndivyo alivyokagua huyo: kwa kutafuna. Ini likiwa safi, ng'ombe kapita. Machinjioni hakanyagi, ati harufu inamtia kichefuchefu.

Nadhira akaenda. Ng'ombe ananing'inia, inzi wamemvaa kama shuka. Alipopasua pafu, usaha ulitoka mzito, wa manjano, kama uji uliolala. Akaziba pua kwa ncha ya mtandio. Na ini lilikuwa palepale ndooni, minyoo inachungulia.

"Mbona ini lake hili hapa? Alilopelekewa mzee ni la nani?"

Msabaha aliendelea kunoa kisu. "La ng'ombe wa Fukayosi, dada. Nanunua huko kila nikichinja, mwaka wa tatu huu. Utampelekea mkubwa minyoo?"

"Na wanaokula nyama hii?"

"Hao wanapika sana."

Nadhira alitema mate. Akaamuru shimo lichimbwe, nyama ikamwagiwa mafuta ya taa, ikafukiwa, naye amesimama juu yake mpaka mwisho.

Aliporudi, habari zilikwisha kumtangulia.

"Umemfukia mtu riziki yake," alisema Twalha. "Sasa mwenendo mwema niandike upi?"

"Huohuo. Kwamba nimekataa kugonga mhuri kwenye usaha."

"Mimi ini nililiona."

"La Fukayosi, mzee. Miaka mitatu unaonyeshwa ng'ombe mwingine."

Taya zikasimama. Mzee akaitazama sahani, akawaza. Kisha akamega kipande kingine.

"Lakini si matamu?" akasema, anatafuna. "Sikiliza. Kesho Msabaha anachinja tena. Mgongee bila kelele, nami natia sahihi sasa hivi." Kalamu ikamtelezea vidoleni kwa mafuta.

Nadhira aliitazama barua. Jina lake lilikuwa limelowa. Akauweka mhuri mezani, mbali na sahani, akatoka bila kuaga.

Ijumaa ikapita.

"Mtihani upo na mwakani, mama," alisema nyumbani, akisugua mikono kwa ndimu mara ya tatu. Harufu ilikuwa haijatoka.