Kitufe cha Mgonjwa

"Wifi, hicho kitufe si kengele ya mlango. Kiache."

"Nimekishika tu kisidondoke."

"Unakishika kwa kidole gumba?"

Fundi wa makochi alikuwa amelala chali katikati yao, mkewe upande wa dirisha, dada yake upande wa mashine, nao wanarushiana maneno juu ya kifua chake kama watu wanaopitishiana chumvi mezani. Alikuwa amefumba macho. Usingizi ulikuwa umemtoka zamani, ila aliona heri wadhani bado analala, maana akionekana yuko macho tu angeulizwa yuko upande wa nani.

Pa kukimbilia hapakuwepo. Ubavu wake wa kushoto ulikuwa umepasuliwa ili madaktari waondoe usaha uliogandia pafu, na pale pale kwenye mshono ulitoka mpira mnene ulioshuka hadi kwenye chupa sakafuni, ambamo maji yalibubujika kila alipopumua. Mkono wa kulia ulikuwa na dripu, na wa kushoto hakuthubutu kuuinua. Akijigeuza, mpira unamvuta. Asipojigeuza, mgongo unamuwaka moto. Mtu aliyezoea kujitwika kochi zima na kupanda nalo ngazi, leo shuka tu lilikuwa limemshinda.

Mashine iliyozua ugomvi ilining'inia kwenye mlingoti kando ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na bomba la mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, na kutoka hapo ulishuka waya wenye kitufe mwishoni. Ukibonyeza, mashine inalia ti, inasukuma dawa kidogo mshipani. Siku ya kwanza muuguzi alikuwa amewaeleza taratibu, kama anayefundisha darasa la chekechea, kwamba anayebonyeza ni mgonjwa peke yake. Mgonjwa akilemewa na usingizi, kidole chake nacho kinalala, na hiyo ndiyo breki. Wote waliitikia, na aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa dada.

Lakini dada hakujaliwa kungoja kuombwa. Ndiye aliyemlea fundi tangu mama yao alipofariki, na malezi yake yalikuwa ya kuwahi: uji unapozwa kabla hujaunguza ulimi, sweta unavishwa kabla hujahisi baridi. Basi kila mdogo wake alipokunja uso usingizini, kidole gumba kilikwenda chenyewe. Ti. Uso unakunjuka, dada anashusha pumzi. Kwake ilikuwa sawa na kumpepea. Mpaka asubuhi hiyo wifi yake alipowahi kuja, akamkuta na kitufe mkononi, na mumewe anakoroma mkoromo wa kukatikakatika: anavuta pumzi moja, halafu kimya kirefu mpaka unajiuliza kama nyingine itakuja.

Fundi alijua siku zote kidole ni cha nani. Hakusema. Kila mlio ulipolia, joto lilimpanda kutoka nyayoni, na maumivu yakahamia chumba cha pili. Aliyasikia bado, lakini kama mtu anavyosikia jirani wakigombana. Nani angelalamikia hilo?

Aliyelalamika ni mtaalamu wa mazoezi, mama mmoja mnene mwenye viatu vya raba ambaye wodi nzima ilimwita Mama Kohoa. Akitokea mlangoni, wanaume wazima walijifunika shuka gubigubi. Alitaka fundi akae, avute pumzi hadi chini kabisa, kisha akohoe kweli kweli, kwa sababu pafu lililokaa muda mrefu limebanwa na usaha halifunguki kwa kubembelezwa. Fundi, kichwa kimejaa ukungu, alitoa kikohozi cha mtu anayebisha hodi kwa wakwe. Jana mchana mkewe, akiamini mumewe mwenyewe ndiye anayejizidishia, alikuwa amekamata kitufe na kukikalia, akidhani ameokoa jahazi. Fundi aliamka kweli, lakini kila pumzi ilimpita ubavuni kama msumeno, akaishia kupumulia kooni, na Mama Kohoa akaondoka anatikisa kichwa vile vile. Mwenye usingizi hakohoi, na mwenye maumivu hakohoi. Leo picha ya kifua ilionyesha sehemu ya chini ya pafu bado imesinyaa, na daktari wa upasuaji alikata kauli: lisipoanza kufunguka kufikia kesho, anarudi chumba cha upasuaji, na safari hii atapasuliwa zaidi.

Hicho ndicho kilichokuwa kikiwachoma wale wanawake wawili. Kila mmoja alimwona mwenzake ndiye anayemrudisha mgonjwa kisuni.

Mke alimtaja yule jirani yao aliyevunjika mguu kwa pikipiki. Mguu umepona, lakini yeye mpaka leo anazunguka maduka ya dawa akiomba vidonge kwa sauti ya mtoto. Dada alisema habari za jirani apelekewe jirani.

"Mama alikufa anauma shuka," alisema. "Tulikuwa hatuna hata kidonge cha kumpa. Wewe hukuwepo, wifi. Mimi nilikuwepo."

Muuguzi akaingia, akasimama kando ya kitanda na kuhesabu pumzi za fundi huku anatazama saa yake, kisha akaisoma mashine, ambayo kumbe huweka kumbukumbu ya kila dozi iliyoombwa.

"Huyu anabonyeza huku anakoroma," akasema. "Ana kipaji."

Dada akatazama viatu vyake. Muuguzi hakumfokea. Alimwambia kwamba pumzi zikipungua zaidi ya pale, mtu hulala moja kwa moja, kisha akaenda kumwita daktari wa usingizi.

Daktari wa usingizi alikuwa mwanamke mwembamba anayeongea kama ana basi la kuwahi. Alisema wamekuwa wakivutana kana kwamba dawa ni moja tu, ama upewe ama unyimwe, wakati njia nyingine ipo. Angeweza kupitisha kimpira chembamba mgongoni, kando ya uti na si ndani yake, pale mishipa ya fahamu ya mbavu inapotokea, na dawa ya ganzi ingekuwa inadondoka humo pole pole. Juu yake angeongeza paracetamol na dawa ya kutuliza uvimbe, kwa saa maalumu, iume isiume. Mofini ingebaki kama akiba, kidogo, kwa ajili ya pale maumivu yatakapopenya.

Mke akauliza kama ndiyo kusema mofini ingemfanya mumewe awe kama yule jirani. Daktari akamjibu kwamba siku chache za dawa hiyo wodini, kwa kidonda cha kweli na chini ya macho ya muuguzi, si sawa na vidonge vya kujinunulia mwaka mzima. Si kwamba anaipunguza kwa sababu ni sumu. Anaipunguza kwa sababu inamlaza mtu anayetakiwa kukohoa.

Dada aliuliza hiyo sindano ya mgongo ikikosea itakuwaje. Daktari hakumficha. Wakati mwingine ganzi haishiki upande wote. Mara chache sindano huchoma pafu au damu huvia, ndiyo maana yeye huifuata kwenye kioo cha mashine ya picha hatua kwa hatua.

"Basi hapana," akasema dada.

"Hapana," akasema mke.

Hawakuwahi kukubaliana jambo tangu siku ya harusi, na fundi aliyesikia yote akiwa amefumba macho aliogopa kuliko alivyoiogopa sindano.

"Sikuwauliza nyinyi," daktari akasema. "Nitamuuliza mwenye mbavu. Lakini siwezi kumuuliza mtu aliyelewa dawa. Nina mgonjwa mwingine wodi ya pili. Nikirudi nimkute ana akili zake, anieleze mwenyewe alichoelewa."

Muuguzi akachukua kitufe, akakifumbatisha katika kiganja cha fundi. Akamwambia kiko kwake sasa, akizidiwa abonyeze, wala hakuna wa kumlaumu, ila daktari ataahirisha.

Ukungu ukaanza kupanda, na maumivu yakarudi kutoka chumba cha pili bila kubisha hodi. Kwanza chini ya bega, kisha pale mpira unapoingilia, kisha ubavu mzima. Jasho likamtoka. Akajaribu kupumua kidogo kidogo, kama anayenywa kwa kijiko, akashindwa. Chupa sakafuni ilibubujika, ikanyamaza, ikabubujika. Alitamani kurusha shuka na kutoka mbio, akaona hana hata kipande cha mwili kinachoweza kukimbia.

Dada akakunja uso kabla yake. Mkono wake ukaja juu ya mkono wa fundi, wenye joto, ule ule wa tangu utotoni.

"Bonyeza, mdogo wangu. Unateseka kwa ajili ya nani?"

"Usibonyeze, baba watoto. Vumilia," mke akasema kutoka dirishani.

Fundi akafumbua macho. Akautoa mkono wa dada yake, kidole kimoja kimoja, kisha akakiachia kitufe kikaning'inia kwenye waya wake.

"Tokeni nje," akasema. Akapumzika. "Wote wawili."

"Mimi nimekulea—"

"Ndiyo, dada. Toka."

Walitoka. Daktari aliporudi alimkuta ameng'ang'ania chuma cha kitanda, meno yameumana, macho makavu, bila usingizi. Akamuuliza ameelewa nini.

"Unanichoma kando ya uti." Pumzi fupi. "Huenda ishike, huenda isishike. Huenda ikanitoboa." Pumzi nyingine. "Nikikataa, kesho napasuliwa tena."

"Na unasemaje?"

"Nikalishe."

Muuguzi na Mama Kohoa wakamshika kwapani, wakamvuta juu. Sauti iliyomtoka ilisikika hadi kwenye ngazi, na nje ya pazia dada akaita jina lake la utotoni. Hakuitika. Miguu ikaning'inia ukingoni mwa kitanda, wakamsogezea meza, akainamisha kichwa juu yake na kuukunja mgongo kama alivyoagizwa. Maji baridi ya kusafishia yakampita kwenye ngozi.

"Sasa usitikisike," daktari akasema.

"Choma."

Sindano ikaingia, naye akatulia.