Ndala Iliyotangulia

Afisa wa dirishani aliposhusha pazia aende kula, watu waliokuwa kwenye foleni walivua viatu, wakaviacha palepale walipokuwa wamesimama, ncha zikielekea dirishani, kisha wakaenda kujitupa kivulini kando ya ghala la forodha. Ndiyo ilikuwa desturi ya mpaka ule. Kiatu ni mtu. Ukitaka kwenda haja, ukitaka kununua maji, ukitaka hata lepe la usingizi, unaacha kiatu chako, na mwenye kiatu cha nyuma anakiheshimu kama ambavyo angeuheshimu mgongo wako.

Aliyebaki amesimama juani alikuwa mwanamke mmoja tu. Alikuwa fundi cherehani, na kwa kuwa kila mtu pale alimwita Fundi, nasi tumwite hivyohivyo. Fundi hakuwa mtu wa kuamini ovyo. Mteja akimwambia kiuno changu ni kilekile cha mwaka jana, hujibu sawa, huku mkono umeshaivuta tepu. Mwenye duka akimwapia kwamba kitambaa ni pamba tupu, yeye huchomoa uzi, akauchoma, akaunusa. Haya mambo alifundishwa na mama yake, ambaye alikuwa fundi kabla yake na hakuwahi kumwamini mtu yeyote, hata mumewe. Sasa leo anaambiwa aziache ndala zake barabarani, mbele ya watu asiowajua, aende akalale!

"Acha tu, dada," alisema kutoka kivulini mwanamume aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni. Alikuwa dereva wa lori, na walimwita Bwana Kesho kwa sababu kila alipoulizwa atavuka lini alijibu neno hilohilo. "Hapa viatu haviibiwi."

"Vya nani haviibiwi?"

"Vyetu. Nani atazitaka hizo?"

Fundi akaziangalia. Zilikuwa ndala za mpira. Ya kulia ilikuwa imekatika mkanda, akaushona kwa uzi mwekundu, ule mshono wa mama yake unaorudi nyuma kidogo kila unapokwenda mbele. Akawaza, akakata shauri. Ya kulia akaiacha kwenye foleni, ya kushoto akabaki nayo mguuni. Mwizi gani atabeba ndala moja? Akaenda kivulini akichechemea, moyo wake umetulia nusu.

Kilichokuwa kinampeleka ng'ambo hakikuwa biashara. Mama yake, aliyekuwa anaishi huko na mdogo wa kiume wa Fundi, alikuwa anasahau watu, mmoja baada ya mwingine. Alianza na majirani, wakafuata wakwe, na majuzi akamsahau huyo mwanawe aliyekuwa anampikia na kumfulia. Siku hizi alimwita mgeni, na kila asubuhi alimuuliza kama ameshapewa maji ya kunywa. Aliyebaki kichwani mwake ni Fundi peke yake. Kila jioni alikuwa anauliza, "Mwanangu mshonaji amefika?"

"Dada, fanya hima," mdogo wake alimwambia kwenye simu. "Ukichelewa utakuta mlango umeshafungwa, nawe uko nje."

Pazia lilipopandishwa, foleni ilianza kusogea. Watu hawakuinuka. Viatu vilisogea vyenyewe, kwa adabu, hiki kikisubiri kile, visigino vikigonga lami. Mwenye kiatu alikuwa anainuka tu pale kiatu chake kinapokaribia dirisha, anakivaa, anatoa pasipoti, anagongewa mhuri, anakwenda zake. Fundi aliitazama ndala yake ikipiga hatua na kusimama, ikipiga hatua na kusimama, akaona ni jambo jema maana jua lilikuwa kali. Lililomkera lilikuwa jingine. Ndala ilikuwa inakwenda mbele, lakini dirisha lilikuwa halikaribii.

"Vile vyeusi ni vya nani?" alimuuliza Bwana Kesho.

"Vipi?"

"Vya kamba, vinavyong'aa, pale mbele. Asubuhi pale mbele palikuwa na gumboti na viatu vya kijani vya yule mama mwenye mtoto. Hivi vimetoka wapi?"

"Mimi naangalia vya kwangu."

"Na vya kwako vikirudi nyuma?"

"Basi, kesho."

Subira huvuta heri, wanasema, lakini Fundi alikuwa na wasiwasi kwamba heri yenyewe ilikuwa imeshikiliwa dirishani. Tangu siku hiyo hakulala tena mchana. Alikaa ameegemea ukuta, macho kwenye foleni, akimshuku kila mtu. Alimshuku muuza maji, kwa sababu alikuwa anapita huku na huko na hajamwaga tone. Alimshuku mama mwenye mtoto, kwa sababu mtoto hakuwa analia. Alimshuku Bwana Kesho zaidi ya wote, maana utulivu ule aliona ni wa mtu aliyekwishaahidiwa kitu. Mwishowe aliishuku hata ndala yake mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Huenda ndala ilikuwa na adabu kupita kiasi, kila anayekuja inampisha.

Siku zikapita hivyo. Kisha mdogo wake akapiga simu akiwa na sauti ya chini.

"Jana amesita, dada."

"Amesita vipi?"

"Kabla ya kuuliza. Amesema, yule... yule wa cherehani. Jina lako limempotea. Kazi yako bado anaikumbuka, na mshono wako. Uso sijui."

Fundi alikata simu, akakaa na ule mguu wake mtupu juu ya vumbi. Aliogopa. Alikuwa hajawahi kuogopa hivyo tangu utotoni, alipopotea sokoni akawa anashika kila gauni akidhani ni la mama yake.

Asubuhi iliyofuata, viatu vyeusi vilipoanza kuja, alimwambia Bwana Kesho, "Niangalie ndala," akavifuata kule vilikotokea.

Vilikuwa vinatokea nyuma ya ofisi. Kulikuwa na kibaraza kisafi chenye kivuli, na mpiga rangi viatu ameketi kwenye kigoda, mbele yake mkeka, na juu ya mkeka viatu vimepangwa jozi kwa jozi kama wageni wa harusi. Jozi ikishakauka, ilikuwa inashuka kibarazani, inapita kwenye kilango cha uani, inakwenda kusimama mbele ya foleni.

"Wenyewe wako wapi?" Fundi aliuliza.

"Wenyewe?" Mpiga rangi alipuliza kiatu, akakisugua. "Wako makwao. Wakubwa hawaji hapa, mama. Wanatuma viatu. Viatu vikivuka, wao wakiamka wako ng'ambo."

"Na sisi?"

"Nyinyi mna foleni yenu."

"Foleni ni hiyohiyo moja!"

"Ndiyo," mpiga rangi akakubali. "Mimi napiga rangi tu."

Hasira ikampanda Fundi. Mama yake alikuwa anamsahau kule, na huku watu wamelala usingizi viatu vyao vinampita! Alipiga magoti mbele ya mkeka. Akashika kamba za kiatu cha kulia na kamba za kiatu cha kushoto, akazifunga pamoja kwa fundo lile ambalo mama yake hulifunga mwisho wa mshono, fundo lisilofunguliwa ila kwa wembe. Jozi ya kwanza, ya pili, akaenda hivyo mpaka mwisho wa mkeka. Mpiga rangi alijitia hamnazo, akawa anatafuta kitu ndani ya kopo la rangi. Jozi iliyokauka ikataka kushuka kibarazani, ikajikwaa, ikaanguka kifudifudi. Nyingine ikaiangukia. Fundi alicheka. Alikaa pale akaziangalia zikigaragara, kwa raha ambayo alikuwa hajaipata tangu afike mpakani.

Aliporudi mbele, foleni ilikuwa imekwenda kweli kweli. Kwa kuwa hakikuwepo kiatu cheusi hata kimoja, viatu vya watu vilikuwa vimekimbia kama maji yaliyofunguliwa. Mama mwenye mtoto alikuwa amevuka. Mwenye gumboti alikuwa amevuka. Bwana Kesho alikuwa amesimama dirishani, viatu miguuni, pasipoti mkononi. Ndala haikuwepo.

"Ndala yangu iko wapi?"

"Imevuka."

"Imevuka vipi bila mimi?"

"Afisa ameita, hukuwepo. Ameigongea mhuri kwenye soli, ikapita chini ya kizuizi. Ilikuwa na haraka."

"Mbona hukuizuia?"

"Umesema niiangalie," alisema Bwana Kesho. "Nimeiangalia."

Fundi alimsukuma kando, akatia pasipoti yake dirishani. Afisa aliipokea, akaifungua, akatazama picha, akamtazama yeye, akatazama tena daftari la waliovuka lililokuwa mezani kwake.

"Umeshavuka," alisema.

"Niko hapa mbele yako!"

"Hilo ndilo linalonitia shaka. Umevuka, hujarudi, na uko hapa. Ama wewe si yeye, ama ni yeye na unataka kuvuka mara mbili. Yote mawili hayaruhusiwi."

"Iliyovuka ni nusu yangu. Nusu nyingine hii hapa." Akaivua ndala ya kushoto, akaiinua mpaka usawa wa dirisha.

Afisa aliichunguza kwa muda. Hakuwa mtu mbaya, na kazi yake aliifanya kwa makini. "Iliyovuka ilikuwa na uzi mwekundu," alisema. "Hii haina. Hazifanani. Ngoja aliyevuka arudi, kisha mje wote."

Akamrudishia pasipoti, akagonga ya Bwana Kesho. Dereva alikwenda kulichukua lori lake. Alipopita kwenye kizuizi alitoa kichwa dirishani, akamtazama Fundi kwa huruma ya kweli.

"Kesho," alimwambia.

Askari alikuwa ameshatumwa nyuma ya ofisi akiwa na wembe, akayakate mafundo.

Jioni simu ililia. Sauti ya mdogo wake ilikuwa imechangamka.

"Dada, kuna ndala imefika hapa mlangoni. Ya kulia. Imejaa vumbi, na chini ina mhuri."

"Mama amesemaje?"

"Aliiokota, akapitisha kidole kwenye mshono. Akapitisha tena. Akasema, mwanangu mshonaji amefika. Ameifuta vumbi, ameiweka mapajani, anaisimulia habari za zamani. Leo amekula akamaliza, dada. Sijamwona hivi tangu mwaka jana."

Machozi ya furaha yalimtoka Fundi. Hajasahauliwa! Uzi wake umemfikisha. "Mpe simu," alisema. "Nataka kumsikia."

Kulikuwa na mparuzo wa simu inayobadilishwa mikono.

"Haloo," ilisema sauti ya mama yake.

"Shikamoo, mama. Ni mimi. Mwanao."

Mama yake akasema, kwa ile sauti ambayo Fundi aliijua, kwa sababu ndiyo aliyokuwa anaitumia yeye kwa wenye maduka ya vitambaa, "Mwanangu yuko hapa. Nimempakata. Wewe ni nani?"

"Ni mimi, mama, mshonaji. Mshono ule ulinifundisha mwenyewe, kwenye gauni la—"

"Sauti umeiiga vizuri," mama yake akamkatiza. Kisha akasikika akiongea na mtu wa pembeni. "Mgeni, shika simu yako. Siku hizi matapeli wanapiga simu wakijiita watoto wa watu. Mwambie tumeshalala."

Mdogo wake aliirudisha simu sikioni. Fundi akamweleza alivyoambiwa na afisa, kwamba aliyevuka arudi kwanza.

"Kwa hiyo ndala ikirudi nawe utaruhusiwa," alisema mdogo wake. "Nilijaribu kuisogeza tu alipokuwa anakula. Ameikumbatia, akalia kama mtoto. Nimnyang'anye?"

Fundi aliutazama mguu wake wa kulia. Ulikuwa umeshaanza kuota ngozi ngumu.

"Iache," alisema. "Usimnyang'anye."

Kulipokucha alitoa sindano na uzi mwekundu mkobani. Mkanda wa ndala ya kushoto ulikuwa mzima, lakini aliushona hivyohivyo, mahali palepale ulipokuwa mshono wa ile nyingine, mbele na kurudi nyuma, mbele na kurudi nyuma, mpaka zikafanana. Akaikagua, akavuta uzi kwa meno kuona kama umeshika. Kisha akaenda mwisho wa foleni, akaiweka chini, akaielekeza ncha dirishani.

Mwanamke mgeni, aliyekuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye gari, alikuja akasimama nyuma yake. Alikuwa na mtungi wa maji na macho ya mtu asiyeamini ovyo. Alitazama viatu vikisogea, akavikubali, kisha akatazama mbele zaidi, kwenye jozi nyeusi zilizokuwa zimeshatiwa kamba mpya.

"Samahani, dada," alisema. "Vile vyeusi ni vya nani?"

Fundi alikuwa ameanza kuelekea kivulini, miguu yote miwili mitupu.

"Mimi naangalia ya kwangu," alijibu.