Pelieli Isiyo na Povu

Habari ilimfikia mama kutoka kwa mshonaji wa jirani, aliyeipata kwa shemeji yake, ambaye hakukumbuka kaitoa wapi: eti mtu fulani alitengeneza bia nyumbani, chupa zikalipuka, kigae cha kioo kikamng'oa jicho. "Na jicho lenyewe," mshonaji alisema, pini zimemjaa mdomoni, "likaokotwa kwenye sufuria ya jirani. Mchuzi ukamwagwa wote."

Tangu hapo usingizi ulimhama mama. Maana mwanawe, fundi friji, mtu mzima na ndevu zake, alikuwa ameigeuza stoo ya nyumbani kuwa kiwanda cha pelieli, bia ya rangi ya asali yenye uchungu wa maua ya hopsi.

"Nabadilisha kitu kimoja tu kila ninapopika, mama," fundi alimwambia. "Nikibadilisha viwili, sitajua kipi kimeniharibia."

Mara apunguze kimea, mara atie hopsi baada ya kuzima moto. Muonjaji alikuwa baba, na hukumu yake haikubadilika: "Safi. Ipo nyingine?"

Mwenye baa ya mtaa wa pili alikuwa ameahidi kuja kuonja. Akiipenda, ataiuza kwake, na fundi ataacha kulala chali nyuma ya mafriji ya watu. Mama aliliombea hilo. Ila macho ya mwanawe aliyaombea zaidi.

Basi kila asubuhi fundi akishatoka, mama alichukua ufunguo wa akiba, akavaa miwani ya kuchomelea na sufuria kichwani, akaingia stoo. Alilegeza kifuniko cha kila chupa, psss, akakikaza tena. "Toa upepo, mwanangu," aliibembeleza chupa. "Toa wote."

Fundi akija kufungua, kimya. Hakuna povu.

"Imelala kama maji ya kuoshea vyombo!"

"Labda ni hali ya hewa," mama alisema, akiuchambua mchele aliokwisha kuuchambua.

Kwa kawaida sukari kidogo hutiwa chupani ili hamira iile na kutoa gesi. Fundi akabadilisha kitu kimoja: akaongeza sukari. Mama naye akatoa upepo. Kimya. Fundi akaongeza tena.

"Hamira hii mvivu kuliko baba!"

"Nimekusikia," baba alijibu kutoka kwenye kochi.

Safari ya mwisho, akipikia ugeni wa mwenye baa, fundi alitia sukari kwa hasira. Siku hiyohiyo dada yake mama akateguka mguu, mama akaenda kumuuguza. Aliaga kila mtu, akaagiza kuku walishwe, akasahau kusema habari za chupa. Au tuseme aliona haya.

Baada ya wiki mbili, alipokumbuka vizuri, alirudi mbio. Alimkuta mwenye baa sebuleni, shati jeupe limenyooka, na fundi ameshika chupa.

"Usifungue!" alipiga kelele mlangoni. "Sijazitoa upepo!"

"Hujazitoa nini?" fundi aliuliza, huku mkono wake umekwisha kuzungusha kifuniko.

Bia ilipiga dari, ikarudi kwa mwenye baa. Kule stoo, nyuma ya mlango uliofungwa, chupa nyingine zikaitikia kwa kulipuka, moja baada ya moja, gunia la unga lililokuwa kando yake likalowa. Baba akajitupa nyuma ya kochi bila kumwaga bilauri yake.

Kulipotulia, mama alimshika mwanawe kichwa, akamkagua jicho la kulia, akakagua la kushoto. Yapo.

"Mama," fundi alisema taratibu, "chupa zangu ulikuwa ukizifungua?"

"Kila asubuhi, kwa ufunguo wa akiba. Kwa mapenzi."

"Kumbe sukari ya mwanzo ilitosha! Nimehangaika bure na hamira ya watu!"

Mwenye baa akalamba sharubu. Akalamba tena. "Ladha ninaitaka," alisema. "Rudi kwenye sukari yako ya mwanzo, uniletee kreti. Lakini huo ufunguo wa akiba nitakaa nao mimi."

Kwa hiyo kila mtu wa nyumba yenye mpika bia aepuke haya:

Kuliamini jicho ambalo hakuliona.
Kufungua chupa za mtu kwa siri, hata kwa mapenzi.
Kuongeza sukari kabla ya kuuliza nani mwingine anaingia stoo.
Kusafiri bila kusema alichokuwa akikifanya.
Kuweka chupa za bia karibu na unga.
Kumpa baba kazi ya kuonja.