Mikunjo ya Maseli

Mwezi wa Juni mwaka wa 2005, Caroline aliwaletea wazazi wake mbwa wa aina ambayo hakuna mtu upande ule wa Kitengela aliyewahi kuiona. Familia ya Wafaransa aliyokuwa akiifanyia kazi Nairobi ilihamishwa ghafla, ikamwachia mbwa huyo, na mwenye ploti alikopanga chumba hakutaka kusikia habari ya mnyama. Mbwa aliitwa Marcel. Mama yake Caroline, Tabitha, alilijaribu jina hilo mara mbili, likatoka Maseli, na Maseli likabaki.

Alikuwa mfupi, mpana kifuani, mweupe mwenye mabaka meusi, na masikio yake yalisimama kama ya popo. Uso ulikuwa mikunjo mitupu kuanzia juu ya pua hadi chini ya macho. Alikoroma hata akiwa macho.

Majirani walikuja kumshangaa. Kisemei, mume wa Tabitha, aliwaambia kwamba huyo hakuwa mbwa wa kazi, hawezi kufukuza hata mwanambuzi, na kwamba pale nyumbani hakuna atakayepoteza wakati kumbembeleza. Tabitha akaongeza kwamba alishalea watoto watano na hakuwa na nguvu ya kulea wa sita. Walisema hayo mbele za watu, kwa hivyo ikawa vigumu kuyarudisha.

Lakini wiki mbili hazikuisha kabla Maseli hajawaingia moyoni. Kisemei akikaa nje, mbwa alikuja kuweka kidevu juu ya kiatu chake cha tairi, na mzee hakuusogeza mguu hata ukifa ganzi. Tabitha naye alikuwa akimwekea maziwa kwenye kikombe kilichovunjika mkono. Hakuna aliyemwambia mwenzake.

Agosti ilipofika, upepo na vumbi la mbugani viliikausha ngozi ya mbwa. Kisemei aliona unga kama jivu mgongoni mwake. Yeye alikuwa mtu wa mifugo, wa kumtazama ng'ombe manyoya tu na kusema kama ana afya au hana, na jivu lile lilimsumbua. Jumanne na Ijumaa Tabitha alikwenda kwenye kikundi cha akina mama wa ushanga. Siku hizo Kisemei alitoa mkebe wa mafuta ya kondoo, akampaka Maseli kutoka pua hadi mkia, akiyaingiza vizuri ndani ya mikunjo ya uso, mahali palipoanza kuwa pekundu. Mbwa aling'aa, na mzee akaridhika.

Tabitha alirudi akamkuta mbwa ananuka, vumbi limemganda mwili mzima. Alidhani amegaagaa kwenye mzoga. Siku iliyofuata, Kisemei alipokwisha kutoka na ng'ombe, Tabitha alimtia Maseli kwenye beseni na kumsugua kwa sabuni ya kipande, ile ya kufulia, mpaka maji yakawa meupe. Alimwacha akauke mwenyewe. Hakuona haja ya kumwambia mumewe, kwa sababu ndiye aliyesema hataki kuona mtu akimbembeleza mbwa.

Basi Kisemei akimtazama tena alimkuta mkavu kuliko mwanzo, akaongeza mafuta. Tabitha akikuta mafuta, akaongeza sabuni. Hali hiyo iliendelea mwezi mzima. Mikunjo ikaanza kutoa majimaji yenye harufu mbaya, manyoya ya mapajani yakapukutika, na Maseli akawa anasugua uso kwenye ukuta wa mabati mchana kutwa. Asubuhi moja alikataa maziwa. Tabitha alimwita mumewe aje aone, na kwa mara ya kwanza wote wawili walichuchumaa mbele ya mbwa yule bila kujifanya wana shughuli nyingine.

Kisemei alimfunga kwenye shuka yake, akambeba kifuani kama mtoto, Tabitha akiwafuata nyuma, hadi mjini, kwa Daktari Muteti, Mkamba aliyetibu mifugo kwenye duka la dawa karibu na soko. Watu walimwangalia njia nzima. Alitembea tu.

Muteti aliuliza mbwa anakula nini, akaambiwa. Aliuliza wanampaka nini. Wote wawili walijibu kwa pamoja kwamba hawampaki kitu. Daktari akaufungua mkunjo wa juu ya pua kwa kidole gumba, akapitisha pamba, akainusa. Kisha akainama na kunusa mgongo.

"Mzee," akasema polepole, "hapa usoni iko mafuta ya kondoo. Huku mgongoni iko sabuni ya kufua. Na huyu mbwa hawezi kujipaka mwenyewe."

Kisemei alitazama rafu za dawa ya kupe.

"Mafuta ni mimi," akasema.

Tabitha akamgeukia. "Ni wewe, Baba Caroline? Mimi nikifikiria anaokota uchafu. Kumbe naosha kazi yako."

Akaanza kucheka, akajifunika mdomo kwa leso, na kicheko kikapita katikati ya vidole. Kisemei alijaribu kukaza uso akashindwa. Muteti aliwasubiri wamalize, naye akitabasamu, akiwa amemshikilia Maseli asiruke kutoka mezani.

Kisha aliwaeleza. Mafuta yalikuwa yameoza ndani ya mikunjo, na sabuni kali ilimaliza mafuta ya asili ya mbwa, ndiyo maana ngozi ilikauka na kuwasha. Kila asubuhi wafute mikunjo kwa kitambaa safi chenye maji ya uvuguvugu, halafu wakaushe kabisa, kwa sababu unyevu ukibaki humo ndimo ugonjwa unamozaliwa. Wasisahau kijishimo cha ngozi kilicho chini ya mkia. Kuoga ni mara moja kwa mwezi, kwa dawa aliyowapa, na kusuuza vizuri. Manyoya yapigwe brashi laini, na jua la saa sita wamwepushe nalo, maana ngozi nyeupe huungua. Akampiga sindano na kumpa Tabitha mrija wa dawa ya kupaka.

Kuanzia siku hiyo waligawana kazi. Kisemei alishika kichwa, akifungua mkunjo mmoja mmoja, na Tabitha akafuta na kukausha. Ilichukua muda wa kunywa chai kikombe kimoja, na katika muda huo waliongea. Tangu mtoto wa mwisho aolewe, asubuhi zao zilikuwa za kuulizana tu kama maji yamechotwa. Sasa Kisemei alimsimulia habari za mnada wa Kajiado, na Tabitha akamwambia kikundi chao kinataka kununua cherehani.

Jirani yao Gakuru alipita siku moja akamkuta mzee amepiga magoti akipangusa pua ya mbwa kwa pamba. Alimkumbusha yale aliyoyasema mbele ya watu.

"Nilisema," Kisemei akajibu, bila kuinua macho. "Shika hapo masikio, asitikise kichwa."

Gakuru akaweka jembe chini, akashika. Mwezi wa Oktoba manyoya mafupi yalikuwa yameshaanza kuota tena mapajani, laini kama ya ndama mchanga, na Maseli alikuwa akimaliza maziwa yake na kulamba kikombe.