Kupishana Kwenye Njia ya Saba

Tulisimama tukitazamana, mimi na ile foklifti, mashine ya kunyanyulia mizigo, kwenye mdomo wa njia ya saba ya ghala. Mimi nilikuwa na dekio langu na ndoo ya magurudumu. Yenyewe imebeba maboksi ya dripu za hospitali, yamepandana kimo cha watu wawili. Haikuwa na dereva wala kiti cha dereva. Nilijibanza pembeni, nikainamisha kichwa kidogo, kama unavyomfanyia yeyote aliyebeba mzigo mzito kuliko wako. Haikupita. Taa yake ya manjano ikawa inazunguka pale juu, taratibu, kama mtu anayetafuta neno.

"Pita, mwanangu," nikaiambia. "Mwenye mzigo ni wewe."

Nikangoja. Nayo ikangoja.

Njia nyingine za lile ghala zina mstari wa kijani wa waendao kwa miguu. Ya saba haina, maana rafu zake zilisogezwa ili ziongezwe mbili, ikabaki nyembamba kama ushoroba wa nyumba ya kupanga. Na mimi nililelewa hivyo: ukikutana na mtu ana mzigo kichwani, unatoka njiani, unasimama na kutulia mpaka apite. Huchezichezi, usije ukamtia wasiwasi akayumba. Basi tangu nipangiwe njia hiyo, kila siku saa nne asubuhi, baada ya chai, nilikuwa nasimama pale natulia. Nikiona haipiti, nageuza ndoo yangu naenda kuanza na ya nane, moyoni nikiisema kwamba ina maringo. Mlinzi wa mlangoni alikuwa ameshaipa jina, Bi Harusi, kwa vile inatembea polepole na haimtazami mtu.

Kazi ile niliombewa na binti yangu. Yeye aliendesha foklifti humo miaka kumi na mmoja, zile za zamani za usukani, na mikono yake ina sugu mpaka leo. Zilipokuja hizi zinazojiendesha, wenzake wote waliondoka. Yeye akabakishwa kuziangalia kwenye kompyuta, ndani ya chumba cha vioo. Watu bado wanamwita Dereva. Siku aliyonipeleka kwa meneja nilisimama mezani kama mtoto anayeandikishwa darasa la kwanza.

"Mama yangu hatakuwa njiani," binti yangu alisema.

"Sharti ni moja," meneja akajibu. "Atakayezuia mashine ataondoka, yeye na aliyemleta."

Mwezi wangu wa pili kazini ndipo mambo yalipoharibika. Kila asubuhi, kuanzia saa nne hadi saa sita, foklifti zote sita zilikuwa zinaikimbia njia ya saba. Hakuna kilichovunjika wala kilichoanguka, ila hakuna hata moja iliyotaka kuingia. Malori ya hospitali yakawa yanasubiri uani, madereva wake wakipiga honi. Mafundi walikuja, wakafungua, wakafunga, wakasema mashine ni nzima. Meneja akamwambia binti yangu kwamba mkataba wake unaisha Ijumaa, na kama hadi siku hiyo sababu haijapatikana, hatauongeza. Nyumba yetu nzima, yeye, wanawe wawili na mimi, ilikuwa imeegemea mkataba huo. Akawa anaamka na macho mekundu, anajibu watu kwa kichwa.

Jumatano nilimpelekea chai kwenye chumba chake cha vioo. Kwenye skrini kulikuwa na ramani ya ghala, na vidoa sita vikitambaa humo kama siafu.

"Hawa wanasemezana vipi?" nikauliza. "Mbona sisikii kitu?"

"Hazisemi kwa sauti, mama. Kila moja inatuma habari zake bila kukoma: niko hapa, nimebeba hiki, betri yangu imebaki hivi, mbele yangu naona hivi. Zile antena za darini zinapokea, zinawagawia wenzake."

"Kwa hiyo moja ikiona, zote zimeona."

"Zote. Ndiyo raha yake na ndiyo balaa lake. Moja ikisema njia imefungwa, hizi tano haziendi kuhakikisha. Zinakaa mbali kwa muda wa saa mbili nzima, ndipo mojawapo iende kuchungulia."

Nikakumbuka bombani. Mwanamke mmoja akirudi na ndoo tupu na kusema maji yamekatika, mtaa mzima unaketi nyumbani. Yakirudi baada ya dakika tano, yanajimwagikia peke yake mpaka adhuhuri.

"Kumbe ni majirani tu," nikasema.

Akatabasamu, mara ya kwanza wiki ile. Kisha akabonyeza mahali. "Njoo uone kinachozitisha."

Ilikuwa picha ya nukta tupu, kama ulezi uliomwagwa sakafuni: umbo jembamba juu, pana chini, na kijiti kimechomoza ubavuni.

"Mafundi wanasema ni nguzo," akasema. "Na pale hakuna nguzo."

"Si mtu?"

"Mtu ingemjua. Mtu hatulii, hata akisimama anajikuna. Kitu kisipotikisika kwa dakika tatu, ndipo inakiandika kizuizi. Sasa niambie, mama, mtu gani atasimama dakika tatu kama aliyepigwa picha?"

Nililiona fundo la kilemba changu. Nikauona mpini wa dekio. Ile sehemu pana ya chini ilikuwa ndoo.

"Chai inapoa," nikasema, nikatoka.

Sikulia. Niliosha vyoo vyote vya ghorofa ya chini mara mbili. Nikisema, tunaondoka sote wawili, na yeye ndiye aliyetoa neno lake kwa ajili yangu. Nisiposema, anaondoka peke yake. Nikapata akili niliyoiona ya maana: Alhamisi sikukanyaga kabisa njia ya saba. Saa nne ikafika, foklifti zikaingia na kutoka kama watoto wa shule, malori yakapakia. Nikashukuru. Nikajiambia limekwisha, na hakuna aliyeumia.

Mchana nikamkuta binti yangu ameinamisha paji la uso mezani.

"Si zimepita leo?" nikauliza.

"Zimepita. Meneja anasema tatizo lililoondoka lenyewe litarudi lenyewe. Anataka sababu, mama. Sina."

Ijumaa asubuhi niliingia chumba cha vioo bila kubisha hodi. Meneja alikuwepo, na karatasi mkononi. Nilikuwa nimejipangia maneno mengi mazuri; yakanipotea yote.

"Meneja," nikasema, "ile nguzo ni mimi."

Binti yangu akageuza kiti. Meneja akanitazama kama anayepimwa macho. Nikaeleza: mzigo, kupisha, kutulia, ndoo. Sikumtazama binti yangu hata mara moja.

"Nionyeshe," meneja akasema.

Tukashuka wawili, binti yangu akabaki kwenye skrini. Nikasimama mahali pangu. Bi Harusi ikaja, ikasita, taa ikaanza kuzunguka. Meneja, nyuma ya rafu, alitazama saa yake, akabadili mguu, akakohoa, akafungua kifungo cha shati akakifunga. Mimi nilitulia. Kisha simu yake ikaita, na sauti ya binti yangu ikasikika hadi kwangu: "Imefungwa. Zote zimegeuza."

"Mama," meneja akasema, "hujawashwa hata pua?"

"Iliniwasha. Nikaiacha."

Akacheka kwanza kwa mabega, halafu kwa mdomo. "Mimi hata kwa kinyozi siwezi." Akaikunja ile karatasi, akaikunjua tena. "Nilisema atakayezuia mashine. Wewe ulikuwa unaipisha. Sharti langu halikufikiria mtu wa hivyo." Akazungumza kwenye simu: "Dereva, ifungue njia. Halafu uniandikie sababu kwa mkono wako, niipeleke juu pamoja na mkataba wako. Na ya saba ichorwe mstari wa kijani leo hii."

Foklifti zikarudi moja moja. Nikageuza ndoo nikaikalia.

Jumamosi mchana, kibarazani, binti yangu aliketi karibu yangu. Alikuwa ameoga, nywele zake bado mbichi.

"Ulijua tangu Jumatano," akasema.

"Tangu Jumatano."

"Siku mbili, mama."

"Siku mbili."

Nikangoja aseme lililobaki, maana lilikuwepo, nililisikia likipanda. Alivuta pumzi ndefu, akaegemeza kichwa begani kwangu kwa uzito wake wote, kama alivyokuwa akifanya kabla hajajua kusoma, na mara akawa anakoroma.

Wajukuu wakaja mbio kutoka uani, wakasimama ghafla.

"Bibi," mdogo akanong'ona, "mama anaumwa?"

"Hapana," nikamwambia. "Amelala tu."