Miche Mia Mbili na Arobaini

…wanne, wamebaki wanne tu kabla zamu haijanifikia, nikimhesabu na huyu mrefu aliyesimama sasa hivi na koti lake lililonyooka kama karatasi, anasema yeye na binamu zake walisafisha kisima kizima, kizima jamani, na mwalimu anaitikia kwa kichwa, mwalimu mwenyewe kavaa mabuti ya mpira darasani siku ya kwanza ya sekondari, eti tukimaliza kujitambulisha tunatoka kwenda kuona bustani, "Jina lako, na kitu kimoja ulichoyafanyia mazingira, basi," ndivyo alivyosema, kitu kimoja, utadhani anaazima kalamu, na changu mimi anacho tayari, kimo kwenye lile faili la kijani mapajani mwake, barua yangu ya maombi, ukurasa mmoja na nusu, miche mia mbili na arobaini niliyoiotesha nyuma ya shule ya msingi, mama alitaka nimsomee mara tatu huku anashona, ya tatu akasimamisha cherehani, "Hii barua ina miguu, mwanangu, itafika," na kweli ikafika, tuliomba mia tatu darasa hili la uongozi wa mazingira, tukachukuliwa ishirini na wanne, viongozi, eti viongozi, mguu wangu hautulii, tulia basi wewe mguu… na haukuwa uongo, siku niliyoandika miche ilikuwa hai yote, niliihesabu mmoja mmoja kwenye vifuko vyake vyeusi, ila likizo ikaja, nikaenda kwa mama mdogo kumsaidia na mtoto mchanga, wiki tatu, nikamwomba mlinzi wa shule, yule tuliyemwita Afande Taratibu kwa jinsi alivyofungua geti, ungeweza kuzeeka hapo nje, nikamwambia, "Babu, unimwagilie miche yangu siku mbili tatu tu," siku mbili tatu, na begi langu limejaa nguo za wiki tatu… makofi, napiga na mimi, mrefu kakaa, kasimama msichana wa miwani, kitu kuhusu nyuki, mizinga, "Paza sauti kidogo, mama," mwalimu anamwambia, afadhali yeye, nyuki wanajitafutia maji wenyewe… bomba la shule lilikauka siku ya nne, hilo sikulijua, hapana, sema kweli, sikutaka kulijua, maana Afande alipiga simu, mama mdogo akaniita kutoka jikoni, "Mlinzi wenu huyu hapa, anakutaka," nami niko kwenye kochi na tamthilia yangu, nikamwambia, "Mwambie nimelala," saa nne asubuhi, nimelala, akapiga kesho yake, nikawa naoga, akapiga kesho kutwa, nikawa sokoni, halafu hakupiga tena nami nikashukuru, Mungu nisamehe, nilishukuru… na niliporudi miche ilikuwa bado imesimama kwa mistari, mizuri ya kupiga picha, mikavu kama njiti za kiberiti, ukigusa inakatika, na Afande kakaa getini kajifunga kitambaa kiunoni, alibeba maji ndoo kwa ndoo kutoka ng'ambo ya barabara siku tisa, hadi mgongo ukagoma, na angenigombeza ningepona, nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, yeye akasema tu, "Nilikuwa nataka kukuuliza, mjukuu wangu, nianze na ipi, maana maji hayakutosha miche yote," nianze na ipi, simu tatu, kwa hilo tu, na mimi nilidhani anataka kulalamika… makofi tena, hafifu, miwani kakaa, jirani yangu wa nywele za kusuka ananisogelea ananinong'oneza, "We ulifanya nini?" nasema, "Miti," anasema, "Mingi?" na mdomo wangu unajua la kusema, umeshalisema kwa mama, kwa majirani, kwa shangazi aliyelia kwa furaha, lakini kinachotoka ni, "Kumi na moja," na anasema, "Si mbaya," na ghafla nataka kucheka, kumi na moja iliyopona, ile ya ukutani kwenye kivuli, Afande aliichagua mwenyewe kwa macho yake, hakusubiri jibu langu, na mimi ndiye niliyepewa kiti hapa… "Na hata hiyo si mimi niliyeiokoa," nasema, naye anageuka kunitazama vizuri sasa, "Nani?" na nahisi nitalijibu hilo swali nikiwa wima, mbele ya wote, nitamtaja na ndoo zake na mgongo wake, nitasema na simu pia, zote tatu, wakinirudisha nyumbani basi wanirudishe na mama atajua pa kunilaza, lakini bado, bado wawili, na huyu anayefuata ndiyo kwanza anasimama, anajikohoza, anatafuta pa kuweka mikono yake.