Yule wa Manyoya

Wale Wazungu wanaotega wanyama mitoni wakikusimulia kwamba mume wangu Basile alipigana mieleka na dubu watatu kwa mikono mitupu, wasikilize kwa heshima, kunywa kahawa yao, kisha njoo kwangu. Dubu alikuwa mmoja. Na aliyemtwanga kwanza alikuwa mama yangu.

Basile alikuja bondeni kwetu, kando ya Mto Pembe Kubwa, akiwa na bunduki, nyumbu wa mizigo na ndevu. Sisi watu wa kabila la Kunguru hatufugi ndevu. Kinywele kikichomoza kidevuni tunaking'oa. Watoto walipomwona walilia. Mimi nilicheka, na nilipoanza kucheka sikuweza kuacha, basi nikaolewa.

Mama hakucheka. Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawasemezani wala hawatazamani usoni, na mkwe halitaji jina la mama mkwe wake hata kipande. Hiyo ni heshima, haina mjadala. Tatizo ni kwamba mama yangu anaitwa Dubu Arudi. Tangu siku tuliyooana, Basile hakuweza kusema "dubu" wala "kurudi". Akitoka asubuhi aliniaga hivi: "Mke wangu, naenda, halafu nitakuwa hapa tena."

Mama naye hakulitaja jina la Basile. Alimwita yule wa manyoya, na maneno yake yote alimwambia mbwa wake, kwa sauti ya kutosha hema zima kusikia.

"Mbwa," alikuwa akisema, "umewahi kuona mwanamume anayekula kama watu wawili na hajasimama mbele za watu kusimulia tendo hata moja la ujasiri? Mimi nimemwona. Ana manyoya."

Basile alitoka nje kumjibu nyumbu. "Nyumbu wangu, kuna mtu anadhani ndevu zimeziba masikio."

Waliishi hivyo miaka, mbwa na nyumbu wakigombana bila wao wenyewe kujua.

Lakini mama alikuwa na hoja. Kwetu mwanamume asiye na tendo la ujasiri, lililosimuliwa hadharani na kushuhudiwa, ni mgeni tu anayekula. Na hema ni la mwanamke. Mume akimchosha, tandiko lake la farasi linawekwa nje, na ndoa imekwisha. Kila mama alipofagia alilisogeza tandiko la Basile kidogo kuelekea mlangoni. Mimi nililirudisha, yeye akalisogeza tena. Mwisho likafika mlangoni kabisa.

"Mbwa," mama akasema, "siku tutakayohama kuwafuata nyati, lile tandiko litakuwa nje. Kama hakuna tendo, njia ipo."

Nililia sana. Yule mtu nilikuwa nampenda, jamani. Majira ya baridi kwetu ni marefu, na mwanamume wa kukuchekesha mpaka theluji iyeyuke hapatikani kila kona.

Yaliyotokea baadaye nimeyapata kwao wote wawili, mmoja akisimulia kuliani kwangu na mwingine kushotoni, kila mmoja akijifanya mwenzake hayupo.

Mama alikuwa vichakani akichuma matunda ya plamu. Basile alikuwa akipita na nyumbu kwenda kwenye mitego yake. Alipomwona mama mkwe akageuza uso haraka, kama inavyompasa, na kule alikogeuzia uso ndiko alikomwona dubu. Alikuwa mkubwa, wa kijivu mgongoni, anateremka taratibu nyuma ya mama.

Sasa afanyeje? Kumsemesha mama hawezi. Kupiga kelele "dubu" hawezi, kwa kuwa ni kumwita mkwe wake kwa jina. Kupiga risasi hawezi, mama yuko katikati. Basi akafanya alichozoea, akamgeukia nyumbu, akapaza sauti.

"Nyumbu! Mwambie mtu aliyeko vichakani, yule wa manyoya yuko nyuma yake! Yuko karibu! Ana njaa!"

Mama alimjua mmoja tu wa manyoya. "Loo," akajisemea, "leo anajitangaza mwenyewe." Akajifunika blanketi kichwani kama mwanamke mwenye adabu zake, akachuchumaa, akangoja mkwe apite.

Mkwe hakupita. Alikuja akasimama. Akalinusa blanketi. Mama anasema harufu ilikuwa mbaya sana, lakini haikumshangaza. Kisha mkwe akamvuta bega.

"Huna haya hata kidogo!" mama akafoka, na hapohapo, akiwa gizani mwa blanketi lake, akainua fimbo yake ya kuchimbia mizizi na kumtandika puani. "Mkwe gani wewe! Umelelewa na nani!"

Dubu hakuwa amewahi kufokewa namna ile maishani mwake. Aliketi chini. Basile akawa amefika, anahema, akamwekea bunduki sikioni akafyatua.

Kesho yake Basile akaomba kusimulia tendo lake. Watu wakakaa duara jua likiwa juu, na mbele kabisa akakaa Mkia wa Swala. Huyu ni mtani wa ukoo wetu. Kazi yake ni kutucheka, nasi haturuhusiwi kukasirika, na Mkia wa Swala ni mchapakazi.

"Nilikutana naye vichakani," Basile akaanza.

"Nani?"

"Yule mzee. Mnene. Majira ya baridi hulala tu."

"Umempiga risasi mjomba wangu?"

Watu wakacheka. Basile akafuta jasho. "Si mjomba wako! Huyu ana kucha ndefu, anakwangua miti, anapenda matunda."

"Basi ni shangazi!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mume wangu akainua ngozi ya dubu juu kwa mikono miwili, watu waione.

"Ngozi tumeiona, shemeji," Mkia wa Swala akasema. "Tai naye tunamkuta juu ya mzoga, wala hatumwiti shujaa. Nani alikuona ukiua?"

Shahidi alikuwa mmoja, na Basile kumtaja hawezi. Watu wote walijua nani alikwenda kuchuma plamu. Mama alikuwa ameketi kati ya wanawake, blanketi usoni. Akisema, itambidi aseme na ile fimbo ilikusudiwa nani, na mama mkwe kumpiga mkwe wake ni jambo ambalo hata mbwa haambiwi. Asiposema, mume wangu ni mwongo mbele ya kambi nzima na tandiko lake liko mlangoni. Nilimfinya mama paja. Akanipiga kofi mkononi.

"Apata Farasi," Mkia wa Swala akaniita mimi, "mfungashie mwenzako chakula cha njiani. Tandiko lake lilishatangulia."

Watu wakaangua kicheko. Basile akaiteremsha ngozi polepole, akaanza kuikunja. Sikuwahi kumwona mnyonge vile, na moyo uliniuma kweli.

Ndipo mama akasimama. Akampa Basile mgongo.

"Mbwa," akasema.

Mbwa alikuwa amelala. Mama akamsukuma kwa mguu mpaka akafumbua macho.

"Mbwa, waambie watu hawa mimi nilikuwepo. Nilimpiga dubu puani kwa fimbo, nikidhani nampiga mkwe wangu."

Kambi ililipuka. Mkia wa Swala alianguka chali, akawa anapiga ardhi kwa visigino. Bibi mmoja alicheka mpaka akabebwa.

"Waambie wacheke wamalize," mama akasema. "Nangoja."

Wakacheka wakamaliza, haikuwa mapema.

"Sasa waambie na hili. Yule wa manyoya alikuja mbio mpaka bunduki yake ikamgusa dubu. Alikuwa na risasi moja, akaitumia. Dubu akaanguka, lakini alikuwa bado anakoroma. Mimi nikafunua blanketi nione. Na yule mtu, mbwa, dubu akiwa bado anapumua miguuni pake, akamgeuzia mgongo dubu ili asinione uso."

Hakuna aliyecheka. Mimi mwenyewe nilikuwa sijaambiwa hilo, si na mama wala na Basile. Mkia wa Swala akainuka, akajikung'uta vumbi. Kwetu anayempiga adui kwa fimbo, adui akiwa bado hai, ndiye anayebeba sifa ya kwanza, na anayeua anafuata.

"Wa kwanza ni Dubu Arudi," akasema. "Wa pili ni shemeji yetu. Nimesikia." Kisha akaketi na kufunga mdomo, jambo ambalo ukoo wetu ulikuwa haujawahi kuliona.

Mkwe akitaka, anaweza kuondoa ule ukuta kati yake na mama mkwe wake kwa zawadi kubwa. Baada ya hapo wanasemezana kama watu wengine. Basile akaichukua ile ngozi, akamchukua na nyumbu wake, na zaidi ya hapo hakuwa na kitu cha maana isipokuwa bunduki. Akamfunga nyumbu mbele ya hema letu, ngozi juu yake, akasimama pembeni amegeukia mto.

Mama akatoka. Akaipapasa ngozi. Akamfungua nyumbu mdomo, akayakagua meno.

"Mbwa," akasema, "ngozi nimeipokea. Huyu nyumbu mwambie arudi kwa mwenyewe. Nikimchukua, yule wa manyoya ataongea na nani?"

Basile akamgeukia nyumbu ili ajibu. Badala yake akamkumbatia shingoni, akazifukia ndevu zake kwenye manyoya ya nyumbu.

Mama akainama pale mlangoni, akalikumbatia tandiko la Basile, akaliingiza ndani. Alilipeleka mpaka nyuma kabisa ya hema, akaliweka mahali palipokuwa pa tandiko la marehemu baba.